Suti Iko Majini, Wewe Umeandika Tayari

Dukani kwa Dobi,
Mlango wa buluu, nyuma ya fundi viatu.
Jumatano, tarehe kumi na nne, mwezi wa tano.

Mpendwa mjukuu wangu Kiroboto,

Pokea salamu zangu, na uzipokee ukiwa umekaa, maana najua barua zangu huzisoma umesimama mlangoni, mguu mmoja ndani mmoja nje. Kaa chini. U mzima? Kile kikohozi kimekwisha? Unakula chakula kilichopikwa, au bado ni chai na mkate mara tatu kwa siku huku ukisingizia masomo? Na macho je, kwa kuikodolea hiyo kompyuta kutwa? Nijibu moja moja. Usiniandikie "niko poa bibi" kama unavyowajibu wenzako.

Mimi nipo. Magoti yamegoma lakini mikono inafanya kazi, na kwa dobi mikono ndiyo mtu. Mama yako mzima, presha imeshuka tangu alipoacha kubishana nami. Shangazi yako Redio naye mzima, na mdomo wake mzima zaidi.

Barua yako niliipata Ijumaa iliyopita. Nimeisoma mara mbili, mara ya pili kwa miwani. Kurasa tatu za kuzunguka zunguka, na jambo lenyewe nimelikuta mstari wa mwisho, limejificha kama soksi chafu ndani ya mto: eti unataka kuacha masomo yako ya kutengeneza kurasa za mtandao, urudi nyumbani, ukae kaunta kwangu. Unauliza kama nafasi yako bado ipo.

Nitakujibu, lakini si sasa hivi. Kwanza utasikia kilichotokea, kwa mpangilio, kutoka kwangu. Wewe umekisikia kwa Redio kwenye simu, na Redio akisimulia jambo, hata aliyekuwepo hajitambui.

Yule mzee mpima ardhi unamkumbuka. Yule mrefu aliyekuwa akituletea mashati meupe kila Jumatatu, akikukuta na vitabu vyako anakuita "mhandisi". Alifariki. Mkewe alileta suti yake hapa siku ya Jumatano, wiki mbili zilizopita, suti ya kijivu aliyoshonewa alipostaafu, na aliivaa mara mbili tu. Mazishi yalikuwa Jumamosi. Akaniambia, "Mama Dobi, mume wangu hajawahi kutoka nyumbani na nguo yenye mkunjo. Usinitie aibu siku ya mwisho." Nikamwambia nenda kalie, nguo niachie mimi.

Redio akampa ile karatasi yenye namba, akamwonyesha kwenye simu yake jinsi ya kuufungua ukurasa wako. "Usihangaike kuja kuulizia," akamwambia, "ikiwa tayari utaona mwenyewe. Kazi ya mtoto wetu hiyo." Mimi nilikuwa nyuma nakamua mashuka, nikasikia, nikafurahi. Nakuandikia ujue kwamba nilifurahi.

Ijumaa mchana suti ilikuwa imefuliwa, imenyooshwa, imetundikwa. Redio akabonyeza Tayari. Nikaja kuipitishia kiganja changu, kama ninavyoipitishia kila nguo kabla haijatoka. Ndani ya mkono wa kushoto wa koti, kwenye bitana, nikaona doa la kutu dogo kama punje ya mtama. Nikasema irudi majini. Ni kitambaa kisichoogopa maji, na mimi si mtu wa kufuta futa kwa kitambaa kibichi kama madobi wa siku hizi. Redio akabonyeza kile kitufe ulichotuwekea cha Rudisha. Kwenye skrini yetu ya kaunta ikatokea Inafuliwa. Niliiona kwa macho yangu haya.

Nikajua mjane akiona Inafuliwa atakuja juu. Atanitukana, nami nitastahili, tutaelewana. Hakuja. Hakupiga simu. Nikadhani ameridhia kuivumilia mpaka asubuhi. Mvua ikanyesha usiku kucha. Mabega ya lile koti yana sponji nene kama mkate, na sponji ikishika maji haiachii. Alfajiri tulikuwa tumeshawasha pasi zote mbili, na bado koti lilikuwa linadondosha.

Saa moja asubuhi akaingia shemeji yake, ndugu wa marehemu, gari linanguruma nje. "Nimefuata suti ya kaka. Wanaanza kumvisha saa moja na nusu."

"Suti haijakauka, shemeji," Redio akamwambia.

"Haijakauka vipi na nyie mmesema tayari?" Akatuwekea simu ya mjane kaunta. Neno Tayari, tena kwa rangi ya kijani, limekaa pale tangu Ijumaa mchana. Na juu ya ukurasa huohuo, kwa herufi ndogo: Nguo zako zilizo tayari, sifuri. Akainua macho akaniangalia. "Sasa mama, nilipaswa kusoma lipi hapa? Neno au namba?"

Miaka thelathini na nane nasimama kwenye kaunta ile. Siku hiyo nilimrudishia mteja simu, na nguo sikumpa.

Mzee yule alikuwa na suti nyingine, Kiroboto. Iko kwa mwanawe, mwendo wa saa tatu kwa gari. Wangejua tangu Ijumaa wangeifuata na kurudi bila hata kukimbia. Hawakujua. Wakamzika na shati la mikono mifupi na suruali ya huyo shemeji, na shemeji unamjua alivyo mfupi. Miguu wameifunika kwa shuka. Mpima ardhi, mtu aliyeishi kwa vipimo.

Sasa tuje kwenye visingizio vyako, maana vimechukua ukurasa mzima wa barua.

Unasema Redio alibonyeza kitufe vibaya. Redio ana makosa mengi na nimeyataja yote mbele yake, lakini alibonyeza kitufe kimoja, mara moja, kilichoandikwa Rudisha, akitaka nguo irudi. Kama kitufe kilichoandikwa Rudisha hakirudishi, aliyekosea ni kidole cha shangazi yako?

Unasema labda simu ya mjane ilikuwa imeshikilia ukurasa wa zamani. Kama ilishikilia wa zamani, ile sifuri iliingiaje? Ulinidhani mimi sijui kuuliza. Nimeishia darasa la nne, lakini sifuri naijua.

Unasema wewe bado unajifunza. Hilo ndilo lililonikera kuliko yote. Ulipotuletea ukurasa wakati wa likizo hukusema unajifunza. Ulisema, "Bibi, hii ni kazi ya kitaalamu." Mjinga ukawa lini, kabla ya mazishi au baada ya mazishi?

Nikasema nisikuhukumu kwa kutojua. Yule mwalimu wa kompyuta wa chuo cha ng'ambo ya barabara analeta mashati yake hapa, yale yenye wino mfukoni. Alipokuja kuyachukua nikamwambia hayatoki mpaka anifungulie kazi ya mjukuu wangu. Akakaa, akaifungua kwenye kompyuta ya kaunta. Kwanza akatabasamu.

"Bibi, huyu bado yuko mwanzoni. Wote huanzia hapa."

"Na mteja wake keshaishia kaburini. Soma."

Tabasamu likamtoka. Akasoma. "Kitufe cha Tayari: weka neno Tayari, paka kijani, ongeza moja kwenye hesabu. Kitufe cha Rudisha: badilisha skrini ya kaunta, punguza moja kwenye hesabu. Basi."

"Na neno analoliona mteja?"

"Amelisahau."

"Na rangi?"

"Nayo."

"Haya niambie, suti yenyewe iko wapi humo ndani? Ni mstari gani unaosema suti hii sasa hivi iko katika hali gani?"

Akashuka, akapanda, akashuka tena. "Hakuna, bibi. Hali ya nguo hakuiandika popote. Kuna maneno tu yamebandikwa kwenye skrini, na kila kitufe kinakimbia kubandua na kubandika."

Nikamwomba anieleze inavyotakiwa, polepole, kama anamweleza mtu wa darasa la nne. Akaeleza vizuri, simlaumu. Alisema hali ya kila nguo inakaa mahali pamoja tu. Kitufe hakigusi skrini kabisa, kinabadilisha ile hali, basi, kazi yake imekwisha. Skrini ndiyo inayoitazama hali na kujichora upya yenyewe: neno linatoka kwenye hali, rangi inatoka kwenye hali, na hesabu haitunzwi pembeni bali inahesabiwa upya kila mara kutokana na nguo zenyewe. Ukifanya hivyo, akasema, neno na namba haviwezi kugombana, kwa sababu vyote vinaangalia kitu kimoja.

Nikamwambia, "Mwanangu, unanisimulia ukuta wangu."

Ukuta huo unaujua, umekulia chini yake. Safu tano za misumari: Imepokelewa, Inafuliwa, Inapigwa pasi, Tayari, Imechukuliwa. Kila nguo ina kibati kimoja cha namba, na kibati kimoja hakiwezi kuning'inia kwenye misumari miwili. Mteja akiuliza, hatujibu kwa kukumbuka, tunageuka tunautazama ukuta. Akitaka kujua ngapi ziko tayari, tunahesabu vibati vilivyo pale, hatuandiki hesabu pembeni, kwa sababu hesabu ya pembeni huchacha kama wanga wa juzi. Nguo ikirudi majini, kibati kinarudi, na kuanzia hapo kila mdomo ulio dukani humu unasema jambo moja bila kuambizana. Wewe umepanda basi siku mbili kwenda kufundishwa kitu ambacho umekiegemeza kichwa tangu utotoni, na ulipokaa kukifanya, hukukiona.

Na mimi ni mjinga wa pili. Kwa ajili ya ukurasa wako niliing'oa ile misumari kwa mkono wangu. Nikaziba matundu kwa dawa ya meno, nikapaka rangi juu yake, nikamwita fundi viatu aje aone duka la kisasa. Akaniuliza, "Na umeme ukikatika?" Nikamtukana. Nimeshairudisha yote. Amenisaidia kuigongomea, na hakunicheka, afadhali angenicheka.

Unakumbuka mashuka ya nyumba ya wageni? Ulikuwa na miaka tisa. Nilikuachia uyapige pasi, wewe unataka kwenda kuruka kamba. Ukachukua vibati kumi na viwili ukavihamishia Tayari, mashuka yenyewe yakabaki yamesokotana kapuni, ukatoka mbio. Kesho yake nilikuvika gauni la shule likiwa bichi, nikakupeleka mpaka mlango wa darasa ukiacha michirizi ya maji sakafuni, nikamwambia mwalimu mbele ya wenzako wote, "Huyu gauni lake liko tayari." Mama yako mpaka leo anasema nilikuonea. Sikukuonea. Nilikufundisha nusu. Safari ile ulihamisha kibati, nguo ikabaki. Safari hii nguo imehama, kibati kikabaki. Ningekufundisha na hiyo nusu ya pili, mzee wa watu angezikwa na suti yake.

Nimefikiria kwa nini ulikisahau hicho kitufe kimoja, wewe ambaye vingine vyote ulivitengeneza sawasawa. Nadhani najua. Tangu mtoto ulikuwa unachukia nikirudisha nguo majini. Ulikuwa unanuna, unasema wateja hawaoni, kwa nini tunajitesa. Basi ulipopata nafasi ya kujenga duka lako ndani ya kompyuta, ukajenga duka ambalo nguo hazirudi nyuma. Kitufe cha Rudisha ukakiweka mwishoni, kwa sababu bibi amesema, ukakipa nusu ya kazi. Unanipinga hata mahali ambapo sikuoni.

Na mimi langu lipo. Doa lile lilikuwa ndani ya mkono wa koti, kwenye bitana. Hakuna jicho ambalo lingeliona, na mwenye koti alikuwa hanyanyui mkono tena. Ningeliacha, suti ingetoka Ijumaa mchana. Hilo nalijua na ninaamka nalo kila siku. Lakini usilitumie. Ukilitaja kwenye barua yako nitaichana kabla sijaimaliza. Majivuno yangu ni mzigo wangu. Wako ubebe mwenyewe, usije kuuegemeza juu ya wangu.

Jumatatu baada ya mazishi niliibeba suti, imekauka, imenyooka kama karatasi, nikapanda ngazi za nyumba ya mjane na magoti haya. Viti vilikuwa bado vimesukumwa ukutani. Kwenye meza kulikuwa na fimbo zake za kupimia, zile zenye mistari myekundu na myeupe, mtu amezifunga kamba. Hakunikaribisha kukaa. Nikasimama.

"Umeniletea ya nini?"

"Ni ya kwenu, mama."

"Mwenyewe hayupo."

Nikamwambia pole. Akaikaza kamba ya zile fimbo, akaanza kusema, wala si kwa hasira, na ningependa ingekuwa kwa hasira.

"Ijumaa jioni nilikwenda kumwona kule walikomlaza. Waliniruhusu dakika tano. Nikamwinamia sikioni, nikamwambia, baba, usihangaike, suti yako iko tayari. Nikatoa na simu, nikamwonyesha. Mimi mtu mzima, mama, nimemwonyesha maiti simu." Kisha akaniuliza, "Lile neno nani aliliandika?"

Sikusema kompyuta. Sikusema Redio. Nikasema, "Mjukuu wangu. Yule ambaye mzee alikuwa akimwita mhandisi."

"Basi nataka kumsikia yeye," akasema. Akafungua mlango nitoke. Suti hakuipokea.

Sasa jibu lako.

Usirudi. Nafasi yako kaunta haipo. Nimempa binti wa fundi viatu, msichana hana maneno mengi, akiulizwa anageuka kutazama ukuta kabla hajafungua mdomo. Na hata asingekuwepo nisingekupa wewe. Si kwa kupenda kufua unataka kurudi. Huna mapenzi na sabuni, tunajuana. Unataka kurudi kwa sababu hapa ni nyumbani, hapa tutakupikia, mama yako atakushika kichwa, na baada ya mwezi tutakuwa tumeacha kulitaja. Mimi sitaacha kulitaja. Ukija utanikuta mlangoni nalitaja.

Utakaa hukohuko umalize masomo, na ukurasa ule utaufanya upya kutoka mwanzo. Usiguse neno hata moja la skrini kwanza. Chukua karatasi na penseli, andika suti moja inaweza kuwa katika hali zipi, na kutoka kila hali inaweza kwenda wapi, mbele na nyuma. Na nyuma, umenisikia? Ukishajua hayo ndipo ufikirie rangi zako. Mwalimu ameahidi kuifungua kazi hiyo mbele yangu. Nitakaa pembeni yake na nitaituma nguo majini na kuitoa, majini na kuitoa, mpaka kidole kinivimbe. Neno likisema hivi na namba ikasema vile, hata mara moja, hiyo kompyuta nitaiegemeza mlangoni, mlango usijifunge kwa upepo.

Tena kuna jambo ambalo hata mwalimu hakuwa nalo. Ile suti nimerudi nayo. Haifuliwi, haipigwi pasi, haijachukuliwa. Siwezi kuiita tayari, kwa sababu nguo iliyo tayari ina mtu anayeijia. Nimepigilia msumari wa sita, peke yake, chini ya saa, nikatundika kibati chake hapo. Mwalimu akauliza hali hiyo tuiite nini kwenye ukurasa. Nikamwambia jina lake atalitoa aliyeandika Tayari. Usiniletee ukurasa wenye hali tano.

Na la mwisho. Namba yako nimempa mjane. Barua hii inakuja na dereva wa basi na utaipata mapema, kwa hiyo usiseme hukujua. Atakupigia Jumamosi tarehe thelathini na moja, saa nne kamili asubuhi, saa aliyomzika mumewe. Pokea mlio wa kwanza. Usimwambie wewe ni mwanafunzi. Usimtajie kitufe. Usimtajie mimi na doa langu. Usitangulie kulia, kilio ni cha kwake, wewe utalia ukikata simu. Akikuuliza nani aliandika lile neno, sema, "Ni mimi, mama." Kisha nyamaza, hata akikaa kimya robo saa, nyamaza naye.

Usipopokea nitajua palepale, maana atakuwa amekaa hapa dukani, kwenye stuli uliyokuwa ukikalia wewe, na mimi ndiye nitakayembonyezea namba.

Mama yako anakusalimu sana, na ameniomba niandike barua hii kwa upole, nimemwambia nimejaribu. Redio anakusalimu na amekusamehe ulivyomsingizia, ingawa mimi nimemwambia asikusamehe haraka hivyo. Fundi viatu anauliza kama zile ndala alizokushonea bado zinashika. Nisalimie mwenzako mnayepanga naye chumba, mwambie siku hiyo ya Jumamosi atoke nje akatembee, na mlango akufungie.

Mungu akupe sikio la kusikiliza mpaka mama yule amalize, akupe na usingizi baada ya hapo, lakini si kabla.

Wako akupendaye, tena wala si kwa hiari,
Bibi.